Nafasi kwenye Diski ya Garth

Garth Wasylyk alikagua kebo kwa mara ya nne, ingawa ya pili ilishatosha. Kompyuta mbili zilikaa kwenye meza ya kulia ya Noreen Thiessen, moja ya kuchezea na nyingine ya kurekodi, ili kazi ya moja isiichoshe nyingine. Katikati picha ya mchezo ilipita kwenye kadi ya kunasa video, safi kuliko macho ya mtu, picha sitini kwa kila sekunde. Ilikuwa Jumamosi mchana, Winnipeg imeganda hadi madirishani, na Noreen alikuwa ameloweka mikono kwenye bakuli la maji ya moto.

"Umemaliza kuibusu hiyo mitambo?" aliuliza. "Au niwaache muoane kwanza?"

"Tulia, Noreen. Mara hii waamuzi hawatapata pa kushika."

"Hawatapata! Msikilize huyu. Kana kwamba si wewe."

Alikuwa yeye, na alijua. Miezi mitatu nyuma Noreen, mama wa miaka sitini na moja aliyeshona makoti kiwandani tangu usichana wake, aliumaliza mchezo wa kompyuta wa Mnara wa Chumvi kwa muda ambao hakuna aliyewahi kuufikia. Kwa watu wanaoshindana kumaliza michezo haraka, neno la mtu ni upepo tu. Kinachohesabiwa ni video, nzima, bila mkato. Video ya Noreen ilikuwa na ukungu na iliruka mahali pawili. Garth aliwaandikia waamuzi mstari mmoja: hii imeunganishwa vipande. Wakaitupa. Baadaye ubingwa akauchukua yeye mwenyewe, kwa saa moja, dakika arobaini na nane na sekunde tatu.

Noreen hakulia wala hakutukana. Alimpigia simu. "Wewe ndiye uliyesema picha zangu mbaya. Basi njoo unirekodi wewe." Jumanne daktari angempasua viganja vyote viwili. Miaka ya kushona ilikuwa imebana mishipa, vidole vinakufa ganzi, na hakuna aliyemwahidi kwamba wepesi wake ungerudi. Leo ndiyo ilikuwa siku yake.

Garth alijenga kila kitu kwa wiki nzima, akaleta hata diski yake mwenyewe. Majaribio yote yalikwenda sawa. Kisha asubuhi hiyo akafanya kosa linalofanywa na watu wa aina yake tu: aliona ubora wa picha umebaki ngazi moja kabla ya mwisho, mkono ukamwasha, akaupandisha hadi juu kabisa. Hesabu ya nafasi kwenye diski hakuirudia.

Alibonyeza kurekodi. Noreen alikausha mikono, akaanza.

Alicheza vizuri mno. Garth aliyajua maruko yale yote kama anavyoijua njia ya kwenda kazini, na bado alikuta anashika kiti. Ghorofa ya tatu mama yule alikuwa mbele ya muda wa ubingwa kwa sekunde mbili. Ya tano, sekunde sita. Dakika ya sabini ilipofika, Garth alisogeza dirisha moja kwenye skrini ya kurekodia, na chini yake akasoma: diski itajaa baada ya dakika kumi na moja.

Mchezo ulikuwa umebakiza dakika thelathini na nane.

Kusimamisha hakuwezekani, kwani video yenye mkato ni takataka. Kumwambia Noreen ni kumvunja vidole kabla ya daktari. Alifuta majaribio ya wiki nzima, akapata dakika tano. Kilichobaki ndani ya diski kilikuwa faili moja tu, kubwa, na lilikuwa lake: video halisi ya ubingwa wake. Bingwa lazima aitunze kwa siku tisini. Mtu akimpinga, waamuzi wanaidai, na asiyekuwa nayo hana ubingwa. Ilikuwa siku ya hamsini na mbili. Nakala nyingine hakuwa nayo, kwa uvivu mtupu.

Angeweza kukaa kimya. Diski imejaa, ajali kazini, pole sana Noreen. Nani angemlaumu? Wazo hilo lilikuja upesi, tena tamu, na Garth alijichukia kwa utamu wake.

"Mbona unapumua kama ng'ombe?" Noreen aliuliza bila kugeuka.

"Mafua."

"Basi yapumulie huko."

Alilifuta faili. Nambari haikusogea. Alikuwa amesahau kwamba kinachofutwa hukaa kwanza kwenye pipa, na kikiwa pipani kinakula nafasi ileile. Akafurahi kama mjinga, maana bado lingeweza kurudi. Aliitazama nambari ikishuka: dakika nane, tano. Noreen aliingia ghorofa ya saba akiwa mbele kwa sekunde tisa. Dakika tatu. Kompyuta iliuliza: umwage pipa? Hutaweza kurudisha. Dakika mbili.

Garth akabonyeza.

Nambari iliruka hadi saa moja na nusu.

Ghorofa ya mwisho, ukingo wa mwisho, kidole gumba cha kushoto cha Noreen kilikufa ganzi. Akaanguka. Akapanda tena akiuma meno, na saa ilipogota ilisoma saa moja, dakika arobaini na nane, sekunde saba.

Sekunde nne nyuma ya ubingwa. Furaha ilimpanda Garth kabla aibu haijafika, na aibu ilipofika ilikuta nyumba ina mtu.

Noreen aligeuka. Akaitazama skrini ya kurekodia, na kabrasha lililobaki na faili moja tu, la kwake mwenyewe.

"Yako iko wapi?"

"Nafasi ilikuwa inaisha. Niliweka ubora juu mno."

"Ukafuta *ubingwa*?"

"Ndiyo."

Noreen alisugua viganja. "Kwa hiyo sasa hivi nikiwaandikia waamuzi mstari mmoja, kama ulivyowaandikia wewe juu yangu..."

"Nimekwisha."

"Umekwisha kabisa."

"Andika, Noreen. Ni haki yako."

Noreen alirudisha mikono kwenye bakuli na kuuma midomo, maana maji yalikuwa yamepoa. "Nichemshie mengine," alisema. "Futa na hii yangu. Mikono ni yangu hadi Jumanne, na mimi nataka kukushinda, Garth, sitaki kukuzika."

Garth alichemsha maji. Alishusha ubora ngazi moja, akapiga hesabu mara mbili kwa kalamu, kisha akasogeza kiti chake mahali ambapo angeiona ile nambari muda wote.

"Tayari?" aliuliza.

"Bonyeza, bwana," alisema Noreen. "Na usipumue."