Waya wa Saa

Mume wangu alifundisha hesabu miaka thelathini na minne, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuendesha gari kwa kasi ya kumtisha hata kuku. Alipostaafu nilidhani atapanda mchicha nyuma ya nyumba. Badala yake alinunua gari kuukuu, akang'oa viti vya nyuma, akanitangazia mezani kwamba amejiunga na klabu ya mashindano ya Jumapili. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Kisha nikaona yeye hacheki, nikaacha.

Mimi ni fundi umeme wa magari. Kazi hii nimeifanya miaka ishirini na sita, na sijawahi hata siku moja kurudishiwa gari kwenye ukaguzi. Sijisifu, nasema tu ilivyo. Kwa hiyo Mwalimu, ndivyo kila mtu anavyomwita, hata mimi, hakuwa na haja ya kutafuta fundi mbali. Klabu inataka kila gari liwe na swichi kuu ya kukata umeme, yenye mpini mwekundu kwa nje, chini ya kioo cha mbele. Gari likipinduka, dereva akazirai na petroli ikaanza kuvuja, yeyote aliye karibu anavuta mpini na gari zima linakufa: injini, taa, pampu, kila kitu.

"Nitaifunga," nilimwambia. "Ila tuelewane. Gari likikataliwa na mkaguzi, unaliuza na unarudiwa na akili zako."

"Likipita je?"

"Likipita, nitafunga mdomo. Lakini kila Jumapili saa saba mchana uwe umeshakaa mezani. Ikipita hapo roho yangu itakuwa juu juu, na mimi sitaki presha kwa ajili ya mchezo."

Alinipa mkono kama tunauziana shamba.

Niliifunga kwa siku mbili. Nilitamani gari likataliwe, sitaficha, nilitamani kwa moyo wangu wote, lakini mikono yangu haijui kulipua kazi. Kila waya uliokuwa unachukua umeme moja kwa moja kwenye betri niliuondoa, nikaupitisha kwenye swichi. Alteneta nayo, ile inayozalisha umeme wa gari, nikahakikisha inakatwa hapo hapo, maana injini ikiwa inazunguka, alteneta huilisha umeme hata kama betri imetengwa, na mafundi wengi huanguka hapo. Nikawasha, nikapiga resi, nikavuta mpini. Kimya. Mwalimu alipiga makofi peke yake pale uani.

Jumamosi asubuhi tulikuwa wa nne kwenye foleni ya ukaguzi. Mkaguzi ni mzee mwembamba wanayemwita Rudi Kesho, kwa kuwa ndilo neno analolitumia zaidi kuliko salamu. Anavuta mpini mara moja tu. Injini ikizima, anabandika karatasi ya kijani. Isipozima, anauliza nani kafunga. Ikiwa ni fundi kakosea, anarekebisha na jina lake linaandikwa kwenye daftari la makosa. Ikiwa dereva kaichokonoa swichi mwenyewe, anafungiwa msimu mzima, na hakuna kubembelezana.

Niliinama chini ya dashibodi kuangalia kwa mara ya mwisho, mazoea tu. Nikaona waya mwembamba wa bluu ambao si wangu. Ulianzia upande wa betri wa swichi, ukazunguka nyuma, ukaungwa kwenye saa ndogo ya dashibodi. Kiungo kilifungwa kwa solotepu, ile ya kubandikia majalada ya madaftari, imezungushwa kwa mistari iliyonyooka kama imepigiwa rula. Sikuhitaji kuuliza ni mkono wa nani.

Saa ile ilikuwa inatumia waya mmoja na mfumo wa kuwasha injini. Ukiipa umeme kwa njia ya pembeni, umeme unarudi kinyumenyume mpaka kwenye injini. Mpini ungevutwa, na gari lingeendelea kunguruma kama vile hakuna aliyeligusa. Na petroli ingeendelea kusukumwa.

Nilitoka, nikasimama, nikafuta mikono. Nilichotakiwa kufanya ni kutofanya kitu. Rudi Kesho angevuta, injini ingegoma kuzima, Mwalimu angefungiwa, gari lingeuzwa, na mimi ningelala zangu usingizi kila Jumapili asubuhi. Nilifurahi. Naona aibu kusema, lakini nilifurahi.

Mwalimu alikuwa anafuta kioo kwa leso yake.

"Mwalimu, ile saa umeifanya nini?"

"Saa?" Akapepesa macho. "Ilikuwa inarudi sifuri kila ukivuta swichi. Nikaipa waya wake. Kwani vibaya?"

"Saa ya kazi gani, na wewe uko mashindanoni?"

"Si ulisema saa saba niwe mezani?" Aliendelea kufuta kioo, akisema kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba ya vipindi. "Nikaona niwe naiangalia. Sitaki roho yako iwe juu hata dakika moja ya ziada."

Nikautazama ule mpini mwekundu.

"Anayefuata!" Rudi Kesho alikuwa ameshafika, mkono wake tayari uko kwenye mpini.

"Subiri," nilisema. "Usivute. Kuna waya umepita nje ya swichi."

Aliinama na tochi yake, akakaa huko muda mrefu. Alipotoka alikuwa na kipande cha solotepu kwenye ncha ya kidole.

"Nani kafunga?"

Mwalimu akafungua mdomo. Namjua mume wangu, angesema kweli, tena kwa sentensi kamili.

"Mimi," nikasema, kabla hajavuta pumzi.

Rudi Kesho alinitazama, akaitazama solotepu. "Fundi, nimekagua kazi zako tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Wewe unatumia solotepu?"

"Leo nimetumia."

Mafundi wawili waliokuwa jirani walisogea. Mmoja alikohoa kile kikohozi cha kuficha kicheko. Masikio yaliniwaka moto. Rudi Kesho akafungua daftari, akaandika jina langu taratibu, herufi moja moja.

"Rekebisha," alisema. "Na huyu mzee asikae karibu na bisibisi."

Niliutoa waya wote. Saa ikabaki imezima. Mwalimu akawasha, akapiga resi, Rudi Kesho akavuta mpini, na gari likafa lote. Akabandika karatasi ya kijani, akaenda kwa wa tano.

Mwalimu hakushuka. Alikaa na mikanda yake kifuani, anaitazama ile saa.

"Miaka ishirini na sita," alisema.

"Nyamaza."

Nilikuwa na hasira naye, na nilikuwa nampenda, vyote viwili kwa pamoja. Nilivua saa yangu ya mkononi, nikamfunga yeye kupitia dirishani. Mkanda ulifika tundu la mwisho.

"Saa saba," nilimwambia.

"Kasoro dakika tano," alijibu.

Nikafunga mdomo, kama tulivyoelewana.