Sanduku la Ruta

Ukikuta mlango wa chuma usiotetemeka hata ukipigwa teke, basi umepita mikononi mwa Cheche. Hivyo ndivyo alivyopenda kusema mwenyewe, na ukimpa nafasi angekuongezea kwamba geti lake moja liliwahi kugongwa na lori. Lori likavutwa hadi gereji, geti likaendelea kufungwa na kufunguliwa kama vile halijasikia kitu. Kuchomelea vyuma alikuwa amestaafu, lakini mdomo wake ulikataa barua ya kustaafu. Mashine yake nayo ilikuwa bado uani, imefunikwa turubai kama mgonjwa anayepumzika.

Siku hizo alikuwa na jambo jipya la kujivunia, nalo ni mkewe. Mkewe alikuwa mkunga. Nusu ya mtaa walipokelewa na mikono yake, na hakuona haya kuwakumbusha hadharani nani alizaliwa akipiga kelele na nani alitoka amenuna kama anadai. Sasa chuo cha wakunga kilikuwa kimemwomba awafundishe wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwa video, akiwa nyumbani kwake. Ila kwanza lingekuwepo somo la majaribio, Jumatatu asubuhi. Picha ikikatikakatika, kazi angepewa mwingine.

"Tumwite kaka yangu atufungie mtandao," mkunga alisema.

Kaka yake alikuwa fundi wa simu za zamani, zile za nyaya, na miguu yake ilikuwa imepinda kwa kukumbatia nguzo.

Cheche aliweka kikombe chini. "Shemeji? Yule aliyefunga simu ya jirani ikawa inalia kwetu? Mwalimu wa chuo hafungiwi mtandao na mtu baki wakati mume yupo, mzima, na bisibisi zake zote. Nitafunga mimi."

"Haya, baba. Ila nikiumbuka mbele ya wanafunzi, utanieleza."

Dukani, binti muuzaji alimpangia ruta, vile vifaa vya kusambaza mtandao, kwenye kaunta. Cheche akaikamata ile yenye antena nyingi kuliko zote, ambayo ilifanana na buibui aliyelala chali.

"Hii. Hii ndiyo mashine."

"Subiri, babu. Kwanza niambie nyumba yako. Vyumba vingapi? Kuta ni za nini?"

"Kuta?" Cheche alijinyoosha. "Mwanangu, wezi walikuja na nyundo kwangu. Walipiga mpaka wakachoka, wakabisha hodi wakaomba maji ya kunywa."

Binti alicheka hadi akashika kaunta. "Basi na mawimbi nayo yatachoka. Hiyo buibui ni ya ofisi yenye watu mia. Ninyi wawili, na somo la video, chukua hii ya kati. Inatoa mawimbi ya aina mbili: moja lina kasi ila ukuta unalishinda, lingine ni la polepole ila linapenya. Iweke katikati ya nyumba, juu, mahali pa wazi. Na ubadilishe nenosiri lililobandikwa chini yake, maana hilo kila anayeigeuza analiona."

Cheche aliitikia yote. Katikati ya nyumba, sawa. Juu, sawa. Lakini hilo la mahali pa wazi lilimkwama kooni. Kitu cha maana namna ile, kikae wazi? Mtu aliyekula jasho la kufuli na makomeo maisha yake yote anaambiwa aache kitu wazi? Akaona binti yule hana uzoefu na wezi.

Jumamosi aliifunga ile ruta ya kati. Alichomeka kebo iliyotoka ukutani, akaunga umeme, akakaa mbele ya zile taa ndogo kama mtu anayesubiri chungu kichemke. Ile ya mwisho ilikuwa nyekundu, ikapepesa, ikawa kijani. Kwenye kompyuta ya mkewe alifungua ukurasa wa ruta, huku miwani ikimteleza puani, akaupa mtandao jina la CHECHE MKUU. Nenosiri akalifanya refu kiasi kwamba yeye mwenyewe alilikosea kuliandika alipotakiwa kulirudia.

Mkunga alimpigia binti yao anayeishi mbali. Picha ikatulia, safi. Cheche akaingiza uso wake wote kwenye kioo.

"Baba, sogea nyuma, naona pua tu!"

"Iangalie vizuri hiyo pua," Cheche alisema. "Ndiyo iliyofunga mtandao huu."

Jumapili turubai lilitoka kwenye mashine. Mkunga aliona cheche zikiruka uani, hakuuliza. Mumewe akichomelea alikuwa na amani, na mkewe alikuwa na somo la kuandaa. Jumatatu, mkunga akiwa anapiga pasi gauni lake jeupe, Cheche alilitundika ukumbini sanduku la bati zito la chuma. Bawaba zake hazikulia hata kidogo. Tundu la kebo lilikuwa na mpira ili chuma kisikwaruze waya, na mlangoni kulikuwa na vitundu vya hewa vilivyopangwa kama nyota. Akaitia ruta ndani, akazilaza antena, akafunga kufuli, akarudi nyuma hatua kadhaa akajitazama kwenye rangi inayong'aa.

Shemeji aliingia muda huohuo, eti anapita tu. Alikuwa na mkoba wa vifaa.

"Hicho ni nini? Kaburi la paka?"

"Hiyo ni nyumba ya ruta. Wewe ungeiweka juu ya kabati, na kitambaa cha kufumwa."

Kabla shemeji hajajibu, sauti ya mkunga ikatoka chumbani. "Mbona mtandao haupo? Naona kijistari kimoja, na hicho nacho kinakata roho! Wanaanza sasa hivi!"

Cheche alichungulia kwenye vitundu. Taa zote kijani. Akazima umeme, akawasha. Taa zote kijani. Chumbani uso wa mkuu wa chuo ulitokea, ukaganda mdomo ukiwa wazi, ukapotea.

"Jumamosi ulikuwa mzuri," mkunga alisema, na safari hii sauti yake haikuwa na mzaha. "Umefanya nini?"

"Nimeboresha."

Shemeji alijibwaga kwenye kiti akicheka. "Kubali tu. Mtandao si kuchomelea. Niachie mimi, wewe kapike chai."

Hapo alikuwa amemwagia petroli. "Nani? Mimi? Mimi niliyechomelea tangi la maji kubwa mpaka ukiita, mwangwi unarudi umeota mvi? Niliingia humo siku ya fainali, peke yangu, na redio yangu ya mfukoni. Mtangazaji analia, mshambuliaji anakata kulia, anakata kushoto, anavuta mguu, na yule msaidizi wangu juu kabisa akashusha mfuniko—"

"—na redio ikanyamaza, ukakosa bao la ushindi," mkunga alimalizia kutoka chumbani, huku akibonyezabonyeza kompyuta. "Tunaijua. Nisaidie mimi kwanza!"

Cheche alibaki na mkono hewani. Kisa kile alikuwa amekisimulia harusini, msibani, hata kwa daktari wa meno mdomo ukiwa umejaa pamba, na kila mara alikuwa akiongeza watazamaji uwanjani. Hakuwahi kukisikiliza hata siku moja.

Aligeuka akalitazama sanduku.

"Mfuniko," alisema.

Funguo zilimponyoka, akaziokota, kufuli likafunguka. Aliitoa ruta, akaiweka juu ya sanduku, akazisimamisha antena kama masikio ya sungura.

"Umerudi!" mkunga alipiga kelele. "Mistari imejaa! Msiguse kitu!"

"Kwa hiyo," shemeji alisema polepole, akifuta machozi ya kicheko, "uliufunga mtandao jela."

"Niliulinda."

"Dhidi ya nani?"

"Dhidi yako. Nyamaza, mwalimu anafundisha."

Wakakaa ukumbini wote wawili. Sauti ya mkunga ilipita ukutani, tulivu, ikieleza namna ya kumshika mtoto anapotoka, na kwa nini mkunga haruhusiwi kuwa na haraka kuliko mama. Mwanafunzi mmoja aliuliza swali, akajibiwa, wote wakacheka. Hakuna kilichokatika. Mwishoni mkuu wa chuo alisema, "Jumatano tuendelee, mwalimu. Na picha yako ni safi kuliko ya hapa chuoni. Nani fundi wako?"

"Mume wangu," mkunga alisema. "Kafunga mwenyewe, mpaka na kisanduku chake cha chuma. Baba, njoo uwasalimie."

Cheche alisimama mlangoni. Kwenye kioo zilijaa nyuso changa, zote zikimngoja. Hapo pangetosha visa vya lori, wezi wa nyundo na tangi lenyewe. Lakini alimtazama mkewe katika gauni jeupe, akasema tu, "Msikilizeni huyu," akarudi ukumbini.

Shemeji alikuwa ameinuka kitini. Alilifungua sanduku, akalifunga, akalifungua tena.

"Hazilii kweli, bawaba hizi," alikiri. "Sasa humu mtaweka nini?"

"Sukari," Cheche alisema, akitia funguo mfukoni. "Hasa siku ukija."