Kofia Juu ya Swichi Kubwa

Nelima hakuwa mjinga, hilo tuelewane mapema. Alikuwa na wivu tu, na wivu wake, jamani, uliamka kabla yake kila asubuhi. Mumewe, Wekoye, alikuwa fundi wa stima. Nusu ya nyumba za Kitale alikuwa amezitia waya yeye, na kwake mwenyewe, mtaa wa Tuwan, walisoma Biblia kwa koroboi huku nguzo ya stima imesimama pale pale nje ya geti. Hilo Nelima alilimeza. Kilichomkwama kooni mwaka huo wa 2006 ni kazi ya Bungoma, kwa mjane mmoja muuza vitambaa aliyeitwa Zulekha, au Mama Naim.

Wiki ya tatu sasa. Nyumba gani hiyo isiyokwisha waya? Na simu nazo! "Fundi, ile nyekundu nisiiguse?" Sauti nyororo, Kiswahili kimenyooka kama nguo iliyopigwa pasi. Na Wekoye anajibu kwa upole ambao mkewe alikuwa ameshausahau: "Hiyo ndiyo ya moto, Mama Naim. Usishike mpaka nikuje."

"Ya moto!" Nelima akapiga meza simu ilipokatika. "Ati asishike mpaka ukuje! Na usiku unarara wapi huko?"

"Kwa binamu yangu, nimekwambia mara ngapi? Hebu keti nikueleze kazi yenyewe. Stima inatoka kwa nguzo, inaingia kwa mita, inapita kwa swichi kubwa, ndiyo inagawanywa kwa vyumba. Waya ya moto inaileta, ya baridi inairudisha, na ya kijani, ile ya usalama..."

"Na ya Zulekha inaenda wapi?"

Wekoye akachukua kofia yake, akaenda zake. Kofia yenyewe ilikuwa ya sufu, ya samawati, na Nelima ndiye aliyemfumia walipokuwa wachumba.

Alhamisi iliyofuata akashindwa kuvumilia. Adhuhuri ilimkuta Bungoma, nyuma ya msikiti, mlangoni kwa Zulekha, na wala hakupiga hodi. Ndani palikuwa na ukumbi mrefu usio na dirisha, giza totoro. Kutoka mwisho wa giza hilo, palipokuwa na kimwanga hafifu darini, ikaja sauti ya Wekoye.

"Shika hapo hapo, Mama Naim. Usitingishe."

"Mkono umechoka, fundi."

"Kidogo tu bana, tunamaliza."

Lo! Damu ikampanda Nelima kichwani. Macho yakatua ukutani, kando ya mlango, na pale, juu ya swichi kubwa, imetundikwa kofia ya samawati. Ile aliyoifuma yeye! Imetulia tuli, kwa raha zake, kwa mwanamke mwingine.

Sasa, mafundi wote kutoka Kitale mpaka Lwakhakha walijua maana ya kofia mahali hapo: stima imezimwa, mtu yuko kwenye waya, usiguse. Lakini Nelima angejulia wapi? Nyumba yake haikuwa na swichi hata moja. Yeye aliisoma kama mke: mwanamume hutundika kofia pale anapopaona kwake.

Akainyakua. "Leo mtaonekana!" akasema, akasukuma swichi juu.

Taa haikuwaka. Kilichokuja ni mkoromo wa mtu aliyebanwa koo. Tochi ikaanguka, na kwa mwanga wake sakafuni Nelima akaona yote: mumewe juu ya ngazi ya mbao, mkono umeng'ang'ania waya za darini, mwili mzima unatetemeka, na Zulekha chini yake, buibui limefungwa kiunoni. Kumbe alikuwa anammulikia.

Nelima akaruka amkamate mguu.

"Usimguse!" Zulekha akampiga kikumbo, akakimbia mpaka mlangoni, akazima. Wekoye akaporomoka kama gunia la mahindi.

Alikuwa hai. Kiganja kimeungua, mkono umevunjika, lakini alikuwa anapumua, tena anauliza nani amewasha. Nelima alikuwa amepiga magoti kando yake, kofia bado iko mkononi.

"Ungemgusa mngekwenda wote wawili," Zulekha alisema, akihema. "Zima kwanza, mguse baadaye. Alinifundisha siku ya kwanza kabisa. Wewe hakukufundisha, dada?"

Akatoka mbio kutafuta gari la kumpeleka hospitali.

Nelima alijua alipaswa kumwambia asante. Haikutoka. Hata pale, mume amelala sakafuni, alimwonea yule mama wivu, tena mkali kuliko wa asubuhi, kwa sababu yule alikuwa amemsikiliza Wekoye. Akamvika Wekoye kofia taratibu. Wekoye akaitazama mikono ya mkewe, akaelewa nani alikuwa amewasha.

"Ya kijani," Nelima akasema, machozi yanamtiririka. "Ulikuwa unaniambia. Ya kijani inaenda wapi?"

Wekoye akafumba macho.

"Ardhini," akasema.