Kamba ya Turubai

Foleni ya malori kwenye mizani haikusogea, na Mama Gia alikuwa anatafuta mtu wa kumtukana. Hakumpata. Mbele tela, nyuma tela, juu jua. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na yeye alikuwa hapo tangu asubuhi.

Siku nyingine angekuwa ameshashuka; leo aliogopa kupitwa kwenye foleni. Ndio ulikuwa mtindo wake: injini ikizimwa tu, kamba inatoka. Alikata kipande kwenye kamba ya kufungia turubai, akakipiga fundo kila ncha, akawa anaruka pembeni ya matairi huku madereva wenzake wanashika mbavu. "Mama Gia, unakimbilia wapi na lori unalo?" Wacheke tu! Mdogo wake, fundi cherehani, figo zilikuwa zimemfia zote mbili, na katika ukoo mzima aliyefaa kumpa yake ni dada mtu, ambaye miaka ya kukalia usukani ilimnenepesha na kumpandisha presha. Daktari hakumumunya maneno: apungue, presha itulie, ndipo waongee.

Basi akaagana na chipsi na soda. Akasafiri kwa mayai ya kuchemsha na matango, na kila lori liliposimama akaruka. Mwili ukapungua hadi sketi zikawa zinamvuka. Presha ndiyo iliyomfanya mtoto mdogo: akipimwa siku za likizo, iko sawa; akipitia hospitali na lori lake, imepanda. Daktari akachoka. Akasema leo anapima mara ya mwisho. Ikigoma, atafuta jina lake, na mdogo wake abaki na ile mashine ya kusafisha damu iliyokuwa inamchosha kuliko ugonjwa wenyewe.

Mizani ilipomwachia, saa zilikuwa zimekwenda. Aliegesha kando ya ukuta wa hospitali na moyo ukamsuta: kutwa nzima amekaa kama gunia, na leo ndiyo leo! Akatoa kamba. Akaruka kama mwenye deni na ardhi. Alipoishiwa pumzi alinawa uso bombani, akabadili blauzi, maana mtu haendi kwa daktari ananuka jasho, akaisukumiza kamba mkobani na kuingia.

Mdogo wake alikuwa ameshafika, amekaa karibu na dirisha, miguu imemvimba ndani ya kandambili. Nesi, mama wa makamo asiye na maneno mengi, alimfunga Mama Gia kitambaa cha kupimia presha mkononi, akakijaza upepo, akasoma, akakunja uso. Akapima tena.

"Umekimbia?"

"Nikimbie wapi, dada? Kutwa nimekaa kwenye gari."

Wala hakudanganya. Kuruka kamba kwake ilikuwa dawa, na nani huulizwa kama ametenda kosa akajibu kwamba amekunywa dawa?

"Ngoja nimwite daktari," nesi akasema, akatoka.

 Mama Gia akamgeukia mdogo wake apate neno la kumpoza, akamkuta ameukodolea macho mkoba, mahali fundo la kamba lilipochungulia. Alipoona anatazamwa, akahamishia macho dirishani.

"Unaangalia nini?"

"Hamna kitu."

"Wewe! Mimi ndiye niliyekubeba mgongoni. Unaangalia nini?"

Fundi akashusha pumzi. "Nimekuona hapo nje unaruka. Ukiruka presha inapanda, dada. Inataka utulie kwanza ndipo upimwe. Nesi wa mashine aliniambia."

"Lini?"

Fundi akajifanya anarekebisha kandambili.

"Nakuuliza lini!"

"Zamani. Ile mara ya kwanza ilipokukataa."

Loo! Mama Gia alitamani kumzaba kofi, mgonjwa hivyo hivyo. "Na ukanyamaza? Nimeacha chipsi kwa ajili yako, mshenzi wewe!"

"Una watoto watatu!" Sauti ilimpasuka fundi. "Wakikupasua usiamke, niwaambie nini wale? Mjomba wenu alitaka aendelee kushona suruali?"

Hasira ikamtoka Mama Gia mara moja, ikabaki huruma. Kumbe muda wote alikuwa anasukuma, na mwenzake anavuta nyuma.

"Nikikuzika wewe," akasema polepole, "niwaambie nini?"

Mlango ukafunguka. Daktari aliingia na kalamu mkononi, nesi nyuma yake. Mama Gia angeweza kusema mwenyewe, neno moja tu lingetosha. Lakini figo hawekewi mtu kwa nguvu. Akafumba mdomo, akamkazia macho mdogo wake.

Daktari akavuta kiti. "Pole, mama. Nilishakwambia ikigoma leo..."

Akafunua faili. Fundi alikuwa anavipindapinda vidole vyake, vile vidole vilivyozoea sindano. Kalamu ikagusa karatasi.

"Daktari, usiandike," fundi akasema. "Alikuwa anaruka kamba hapo nje. Hata zile siku nyingine za lori, aliruka. Nilijua."

Nesi akauvuta mkoba, akachomoa kamba yote, akaitazama, akaiweka mezani na kucheka bila kutaka. "Mficha uchi hazai, mama. Keti hapo. Usiinuke, usiongee."

Kuketi! Mwanamke aliyevuka milima na tela mbili alishindwa hata mikono aiweke wapi. Fundi akajikokota na kiti chake hadi ubavuni pake, akamshika mkono, na ule mkono wake wa baridi ndio uliomtuliza. Walikaa hivyo hadi pumzi zao zikaenda pamoja.

Nesi akapima. Akapima mkono wa pili. Akamsogezea daktari aone mwenyewe, na daktari akaifunika kalamu.

"Imekaa vizuri. Tutafuatilia siku chache kuhakikisha, halafu tupange siku ya upasuaji."

Mama Gia akalia, bila haya, kamasi na machozi. Fundi akaiokota kamba mezani, akaikunja taratibu na kuiweka mapajani.

"Hii nakaa nayo. Nitakupa ukitoka huko ndani."

"Tukitoka," dada yake akasema.

Fundi akaitia kamba mfukoni.

"Haya. Tukitoka."