Figa Jeusi la Shika Adabu

Kabla Nduku hajafungua kompyuta yake, Kaingu alikuwa mtu mwema. Majirani zake wa Mjambere wangekuapia hivyo, nami sina sababu ya kubishana nao. Wivu ulimwingia ukubwani, na ugonjwa wa ukubwani, kama tujuavyo, humtesa mtu maradufu.

Kazi yake ilikuwa kusoma mawe. Jiwe la volkano likipoa hushika nguvu ya sumaku ya dunia ya siku ile, likaitunza hata miaka laki moja. Katika maabara yao ndogo pale Kisauni walilitia jiwe kwenye tanuri, wakalipasha moto hatua kwa hatua, na kila hatua wakapima sumaku iliyotoka na iliyoingia upya. Kila kipimo kilikuwa nukta kwenye grafu. Ukipitisha mstari katika nukta zinazostahili, mwinuko wake unakwambia sumaku ya kale ilikuwa na nguvu gani. Tatizo ni kwamba nukta hazipangi foleni. Nyingine za kufuatwa, nyingine za kuachwa, na kwa miaka kumi na mmoja mwamuzi alikuwa Kaingu peke yake. Watu walisema "jicho la Kaingu", na hakuna jibu lililotoka mlangoni bila sahihi yake.

Januari akaja Nduku, binti wa Machakos, na programu inayochagua nukta yenyewe. Jiwe lililompotezea Kaingu siku nzima, programu ililimaliza kabla chai haijapoa.

"Ijaribu wewe, Kaingu," alisema Daktari Nadira, mkuu wao. "Kazi hii hakuna aijuaye kukushinda. Ikifaulu, inshallah mwezi ujao majibu yatatoka kwa programu, Nduku ayasimamie. Wewe utashika chumba cha msumeno."

Chumba cha msumeno ndiko mawe yalikokatwa. Yaani Kaingu alipewa jembe, akaambiwa achimbe kaburi lake, na lipimwe vizuri.

Walianza na mawe ishirini ambayo majibu yake yalijulikana. Programu iliyapata yote. Kila jibu likitoka, Nduku aligeuka na kuuliza, "Iko sawa, Bwana Kaingu?" naye akajibu, "Sawa," huku roho ikimuuma. Kilichomuudhi zaidi ni kwamba msichana hakuringa. Alimletea mahamri asubuhi. Aliandika kila alichoambiwa. Angekuwa na kiburi, Kaingu angemchukia kwa haki; sasa ilimbidi amchukie hivi hivi, na hilo lilimchosha.

"Bado jiwe moja," akasema Alhamisi. "Nitalileta mwenyewe."

Alikuwa amewaza mafiga ya mama yake. Marehemu babake alikuwa utingo wa lori, na zamani alileta kutoka Kibwezi mawe meusi ya volkano, yakawa mafiga ya jikoni kwao Shika Adabu. Kaingu alipiga hesabu: moto wa kuni haulifikii jiwe vilivyo. Ungefuta sumaku ile nyepesi tu, ukaweka ya leo, na chini yake ile ya kale ingebaki. Grafu ingepinda katikati. Programu ingepitisha mstari mmoja kama kipofu, na jicho la Kaingu lingeona mistari miwili.

Jumapili alivuka Likoni, akamkosa mama, alikuwa kanisani. Kwao, figa la mama haliguswi bila ruhusa ya mwenyewe, hata kama siku hizi anapikia gesi. Kaingu alilijua hilo tangu utotoni. Alichukua nyundo, akamegua pembe ya figa moja, akaondoka kabla ibada haijaisha.

Jumatano vipimo vilikamilika. Programu ilisema jiwe lote lina sumaku moja, nguvu yake maikrotesla thelathini na tatu, ambayo ndiyo ya Mombasa ya siku hizi. Yaani liliwahi kuchomwa hadi sumaku ya kale ikaisha yote, majuzi tu.

"Imekosea," Kaingu alisema, na hakuweza kuficha tabasamu. Akachukua rula, akachora mstari wa kwanza, akaupinda kwenye nukta ya saba, akachora wa pili. "Hapa thelathini na tatu, moto wa kuni. Hapa hamsini na moja, volkano. Jiwe hili ni figa la kwetu, nimelizoea tangu nikiwa mtoto."

Nadira aliivutia grafu karibu. "Mimi mpindo siuoni sana," alisema. "Lakini jicho ni lako."

Nduku hakubisha. Aliomba mpaka Jumatatu. Kaingu alilala usingizi mtamu siku tatu mfululizo, kwani kijicho kikishiba hulala vizuri.

Jumamosi alikwenda tena kwa mama. Alimkuta amekaa kwenye kigoda, akiyatazama mafiga yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani kalimega hili?"

Kaingu akakiri. Mama hakumgombeza, alipitisha kidole pale jiwe lilipomegwa.

"Ungeuliza ningekwambia uchukue jingine," alisema. "Hili si la hapa hasa. Baba yako alileta mawe manne. La nne alimpa mjomba wako Ruwa, akalijengea kwenye tanuu lake la chokaa. Letu moja lilipopasuka, wewe ukiwa shule ya bweni, Ruwa akatupa hili. Lilikaa katika lile tanuu miaka miwili, mwanangu, likiwaka jekundu lote."

Moto wa chokaa haubakishi sumaku ya kale ndani ya jiwe. Kaingu alitoa ile grafu mfukoni, akaikunjua juu ya goti. Alitafuta mpindo wake kwenye nukta ya saba. Haukuwapo. Nukta zilikwenda moja kwa moja, na mtoto wa chekechea angeona. Aliupinda yeye mstari, kwa sababu alikuja akiutaka upinde. Akawaza mawe ya miaka kumi na mmoja, na mangapi aliyasoma akiwa tayari anajua anachotaka kukiona. Hofu ikamshika.

"Karatasi hiyo ina nini?" mama akauliza.

"Nimekosa, mama."

"Najua. Si figa langu hilo?"

Pale maabara historia ya lile jiwe aliijua yeye tu, na mama hakuwahi kufika Kisauni. Kaingu aliliwaza hilo siku nzima ya Jumapili.

Jumatatu Nduku alikuwa amemtangulia, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Nadira alisimama nyuma yake akiwa na fomu ya matokeo.

"Nimeirekebisha, Bwana Kaingu," Nduku alisema. "Nimeifunza kupinda mstari vile wewe uliupinda. Sasa figa linatoka hamsini na moja. Lakini nimerudia yale mawe ishirini, na matatu sasa yanakosea. Nadhani kuna kitu unaona na mimi sioni. Si unifundishe?"

Ushindi ulikuwa mezani, umemenywa tayari. Kaingu aliutazama.

"Irudishe ilivyokuwa," alisema.

"Ati?"

"Jiwe lilichomwa kwenye tanuu la chokaa miaka miwili. Jibu ni thelathini na tatu. Programu yako haikukosea, nimekosea mimi."

Nadira aliweka fomu chini polepole. "Wallahi, Kaingu? Umejua lini?"

"Jumamosi. Lakini hata Jumatano nilitaka ikosee, ndiyo maana nikaona kisichokuwapo." Akamgeukia Nduku. "Nilikuonea wivu. Na hata sasa nakuonea, usidhani umekwisha. Na mawe yangu yote ya nyuma yapitishe humo, moja moja."

Nduku aligeukia kompyuta. Alirudisha programu ilivyokuwa, akachapisha jibu, akamsogezea kalamu kwa mikono miwili kama anavyopewa mkubwa.

Kaingu akaandika "Imefaulu", akatia sahihi chini yake. Mstari wa sahihi ulipinda katikati, na safari hii wote watatu waliuona.