Mfereji wa Kambini

Siku ya tatu ya kuchimba, Emérita hakuwa tena na mgongo wa kuinamia. Maji yalikuwa yamesimama nyuma ya nyumba tangu mwezi wa kumi, meusi, yakimfika kwenye vifundo vya miguu, na ukuta wa udongo ulikuwa umelowa. Upande wa ndani wa ukuta huo walilala watoto wake wanne. Ukianguka, utawaangukia wao.

Alichimba kama alivyozoea. Miaka miwili aliyokaa katika kambi ya wakimbizi ya Kitshanga, alizungushia kibanda chake cha shitingi, yaani turubai la plastiki, mfereji, na watoto walilala pakavu. Sasa amerudi kijijini kwake Kingi, akaizungushia nyumba mfereji wa namna ileile, akamshukuru Mungu. Asubuhi hii ya tatu aliukuta umejaa pomoni, na ukuta umelowa kuliko jana.

Jirani yake, mzee Sebahire, alikuwa amesimama penye mpaka akicheka.

"Mama Emérita! Unafuga samaki?"

"Papa Sebahire, uniache. Kambini njo vile tulikuwa tunafanya."

"Kambini maji ilikuwa inashukia kwa jirani. Wewe unalala mukavu, yeye analowa. Hapa umeifunga, itaenda wapi?"

Emérita aliuegemea mpini wa jembe. Alimkumbuka Céline wa kibanda cha chini, aliyeanika blanketi zake kila asubuhi bila kulalamika. Bwana, unisamehe, alisema moyoni. Sikuwahi hata kumuuliza.

"Kata hapa," Sebahire alisema, akionyesha mteremko. "Nyoosha mpaka mu bonde."

"Hapo iko maharage yangu. Imeanza kutoa maua."

"Naona, mama. Maharage ao ukuta."

Yalikuwa maharage yake ya kwanza tangu kurudi. Alisali macho wazi: Bwana, nimechoka. Hata kuchagua nimechoka. Kisha akaingia shambani, akaanza kung'oa, majani mabichi akiyaweka pembeni kwa ajili ya kupika.

Sebahire aliacha kucheka. Alileta jembe lake, akaanzia chini, upande wa shamba lake.

"Pitisha kwangu," alisema, "lakini pembeni, usiniulie mihogo."

Kabla ya adhuhuri walikutana katikati. Maji yalisogea polepole, halafu kwa nguvu, yakabeba hata mistari miwili ya maharage aliyotaka kuiokoa. Hakuwa na nguvu ya kulia. Aliushika ukuta: baridi, laini, lakini umesimama.

"Itakauka?"

"Mungu akituachia jua wiki moja."

Magharibi, upande wa Walikale, mvua ilikuwa tayari inanguruma. Emérita akaokota jembe, akaanza kufukia upande wa mfereji uliougusa ukuta, maji yasipate tena pa kusimama hapo.