Mwanga wa Miji Iliyozimika

Kalunde anapitiwa na usingizi alasiri, kichwa kando ya miguu ya mama yake katika wodi ya wanawake, kompyuta ikiwa bado wazi mapajani. Ni mtafiti wa galaksi, yale makundi makubwa ya nyota. Kazi yake ni kupima uzito na mng'aro wa galaksi hizo tangu enzi za mwanzo wa ulimwengu, na kwa ajili ya kazi hiyo amekaa ughaibuni miaka mitatu bila kuja Tabora. Kila alipopiga simu, mama yake, Bi Nyamizi, alimwambia hajambo, naye akaamini kwa kuwa kuamini kulikuwa rahisi. Sasa sakafu ya wodi inarefuka, inakuwa barabara, barabara haina mwisho, na anapoinua macho kitanda hakipo. Mbele yake anatembea mtu asiye na uso. Kalunde anamuuliza mama amepelekwa wapi. Anajibiwa kuwa amepelekwa mbele, ila mbele ya huku iko nyuma. Wanafika kwenye mji mdogo unaowaka rangi ya buluu hadi macho yanauma. Kwenye kila mlango mwanamke anajifungua, na kila mtoto ni nyota. Kalunde anautambua: ni mojawapo ya galaksi changa alizozipima, nyepesi, iliyojaa gesi, inayozaa bila kupumzika. Na pale kisimani yupo mama yake, msichana wa miaka ishirini, anacheka. Kalunde anakimbia kumshika, mkono unapita hewani. Asiye na uso anamwambia yule alishaondoka zamani, mwanga wake ndio kwanza umefika.

Wanaendelea, barabara inajikunja, na miji inagongana, mkubwa unameza mdogo, kuta zinaungana bila kishindo, na kadiri mji unavyomeza ndivyo unavyozidi uzito, na taa zake zinapungua. Wa mwisho ni mkubwa kuliko yote. Nyumba zake hazina idadi, nyekundu kama makaa yanayofifia, na hakuna kichanga kinacholia popote. Gesi imekwisha, hapa hakizaliwi kitu tena. Kalunde amechora kufifia huku kwenye grafu nyingi, lakini hakujua kuwa kuna baridi kiasi hiki. Mama yake ameketi kizingitini, mzee, amekonda. Kalunde anapiga magoti, anaomba msamaha, anasema nilidhani bado una nguvu, mama.

Ulikuwa unaniangalia nilivyokuwa, mwanangu, anasema Bi Nyamizi bila hasira, na kukosa hasira huko ndiko kunakomuumiza. Nami sikukwambia. Sasa niangalie nilivyo.

Kalunde anamwangalia, hapepesi macho, mpaka wekundu unamtoka mama usoni na mji wote unakuwa giza.

Anaamka. Kitanda kimetandikwa shuka safi. Muuguzi amesimama kando, anamuuliza kwa upole anamsubiri nani. Mama, anasema Kalunde.

Mama yako alifariki juzi, dada. Jana pia ulikuja ukakaa hapa hapa.

Kalunde anafungua kinywa kubisha, na papo hapo anasikia sauti nyembamba, karibu kabisa na sikio: Kalunde, amka, utaumwa shingo.

Abee, mama, anaitika, na muuguzi anainamisha macho, na Kalunde hajui ameitika akiwa upande gani wa usingizi.